Je, wajua kwa nini mtu aliyeishiwa maneno husaidiwa na kuchora?

Mtu aliyefiwa ghafla, aliyenusurika vitani au anayeishi na sonona kwa miaka mingi huulizwa na kila anayemjali swali lilelile: unajisikiaje? Mara nyingi hukosa jibu, wala si kwamba anaficha. Lile linalomsumbua bado halijapata sura ya kusemeka. Katika hali kama hiyo mtaalamu wa tiba ya sanaa humwekea mbele karatasi, chaki za rangi au bonge la udongo wa mfinyanzi, na kumwambia aanzie popote apendapo. Saa moja baadaye huenda mtu huyo akaondoka akiwa na nafuu kidogo, ingawa alichokichora kisingempatia sifa mbele ya mchoraji yeyote. Ni nini hasa kilichotendeka ndani ya saa hiyo?

Kwanza iondolewe dhana iliyoenea sana: tiba ya sanaa si darasa la uchoraji, na anayeihudhuria hahitaji kipaji. Nathubutu hata kusema kwamba fundi hodari wa kuchora huweza kuanza kwa shida zaidi, maana mkono wake umezoea kumpendeza mtazamaji. Kinachoitofautisha tiba hii na mtu kujichorea nyumbani ni kuwapo kwa mtu wa pili, aliyesomea sanaa na saikolojia pia, pamoja na makubaliano ya wazi kati yao kuhusu siku na saa za kukutana, lengo wanalolitafuta na usiri wa yote yafanyikayo humo.

Jina la tiba hii lina asili yake. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, alilazwa mwaka 1938 kwa ugonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo matibabu yalikuwa hasa kulala na kusubiri. Alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona vinamtuliza, na baadaye akaombwa awafundishe wagonjwa wenzake, wakiwamo askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 ndipo alipoiita kazi hiyo tiba ya sanaa. Mwaka 1946 msanii mwingine wa huko, Edward Adamson, alifungua chumba cha kuchorea katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne, na mwaka huohuo, ng'ambo ya Atlantiki, daktari Nise da Silveira alianzisha karakana za uchoraji katika hospitali ya Engenho de Dentro mjini Rio de Janeiro. Daktari huyo alikuwa amekataa kuwapiga wagonjwa shoti za umeme, wala hakuunga mkono upasuaji wa kukata sehemu za ubongo, akahamishiwa kitengo kilichodharauliwa ambako wagonjwa walipewa kazi za usafi. Yeye akawapa brashi. Kazi zao zilikuwa nyingi na zenye uzito kiasi kwamba mwaka 1952 zilifunguliwa makumbusho yake.

Hata hivyo, waasisi hawakukubaliana juu ya kinachoponya, na ugomvi wao ndio unaotupatia jibu. Margaret Naumburg wa Marekani aliuona mchoro kuwa aina ya usemi: yaliyozikwa katika sehemu ya akili isiyojitambua hujitokeza kwa picha kabla ya kujitokeza kwa maneno, na kazi ya mtaalamu ni kumsaidia mhusika kuyasoma. Edith Kramer, aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi na watoto mjini New York, alishikilia kwamba tendo lenyewe la kuunda kitu hutosha kubadili hasira au hofu kuwa jambo linaloweza kuvumilika, hata kama hakuna aliyelieleza. Wataalamu wengi wa leo huchukua kwa Naumburg na kwa Kramer pia. Kwa maoni yangu, msomaji anayetaka kuelewa tiba hii aanze na kile ambacho wote wawili walikiona: jambo lililokuwa ndani ya mtu limewekwa nje, mezani, likawa kitu.

Kikishakuwa kitu, mengi yanawezekana. Karatasi inaweza kugeuzwa juu chini, kusogezwa mbali, kukatwa vipande, kufunikwa kwa rangi nyingine au kufungiwa kabatini hadi juma lijalo. Hofu iliyo kifuani haigeuzwi wala haifungiwi. Zaidi ya hayo, mazungumzo ambayo yangemlazimu mgonjwa kumtazama mtaalamu machoni na kujieleza sasa yanaelekezwa kwenye mchoro, nao wawili wanautazama kwa pamoja, bega kwa bega. Tuseme mtu amechora nyumba isiyo na mlango. Mtaalamu mzuri hatamwambia kwamba nyumba hiyo ni dalili ya upweke. Atauliza, pengine baada ya kimya kirefu, aliye ndani anatokaje, au anamsikia nani kutoka nje. Mhusika akijibu kuhusu nyumba, anazungumza juu yake mwenyewe kwa umbali anaoumudu, na ana uhuru wa kuongeza mlango, kuchora dirisha dogo au kuiacha kama ilivyo.

Sababu ya pili inahusu namna kumbukumbu za kiwewe zinavyokaa ndani ya mtu. Sentensi hudai mpangilio: nani alitenda, kisha nini kikafuata. Aliyepatwa na jambo la kutisha mara nyingi halikumbuki hivyo. Linamjia kwa vipande vya picha, harufu, sauti na mshtuko wa mwili, bila mwanzo wala mwisho. Mchoro hauna neno la kwanza, kwa hiyo unaweza kubeba vipande hivyo kwa wakati mmoja, hata vinavyopingana. Katika kituo cha kijeshi kilichopo Bethesda, Marekani, kinachowahudumia wanajeshi wenye majeraha ya ubongo na mfadhaiko baada ya kiwewe, wagonjwa hupewa barakoa tupu na kuzipamba wapendavyo. Barakoa yenye nusu ya uso mtulivu na nusu iliyopasuka husema kwa mtazamo mmoja jambo ambalo mwenyewe huenda amelikwepa kwa miaka.

Mwili nao unahusika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, watu wazima 39 walipewa dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika vipande vya karatasi, na mate yao yakapimwa kabla na baada ya kazi. Kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kilishuka kwa takriban robo tatu ya washiriki, waliozoea sanaa na wasioizoea. Matokeo haya hunukuliwa sana, lakini yasomwe kwa uangalifu: hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, hivyo haijulikani ni sehemu gani ya nafuu hiyo iliyotokana na sanaa na ipi ilitokana na kukaa tu mahali patulivu.

Zana zenyewe hazichaguliwi ovyo. Penseli hutii mkono na kufutika, kwa hiyo humfaa mtu anayehisi kwamba maisha yamemponyoka na anahitaji kuanza na kitu anachokitawala. Rangi ya maji hutiririka inakotaka. Kwa aliyejibana kupita kiasi huweza kuwa mlango wa kulegea, lakini kwa aliyezidiwa na hisia huweza kumtia kiwewe zaidi. Udongo wa mfinyanzi hupokea kipigo, hukandwa, hubomolewa na kuanzwa upya bila hasara, nao huwasaidia sana watoto wenye hasira wasiyoweza kuitaja. Na kwa mgonjwa wa sonona, ambaye hata kuamka huonekana uamuzi mzito, kuchagua kati ya bluu na kijani ni uamuzi mdogo unaokamilika na ambao hakuna wa kuukosoa.

Hapa pana onyo moja kwa ndugu, walimu na wengine wenye nia njema. Usomaji wa michoro kwa kanuni za mkato, kwamba rangi nyeusi ni huzuni au macho makubwa ni hofu, hauna msingi wa kutegemewa. Pengine mtoto alitumia nyeusi kwa sababu kalamu nyingine zilikuwa zimekwisha. Maana ya mchoro hutafutwa kwa kumsikiliza aliyeuchora.

Je, tiba hii inafanya kazi kweli? Mwaka 2019 Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Kanda ya Ulaya ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na picha iliyopatikana kwa jumla ilikuwa nzuri. Lakini hapo sanaa ilimaanisha mengi, kuanzia muziki na ngoma hadi fasihi. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012, likihusisha watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, halikuona kwamba tiba ya sanaa ya makundi iliboresha hali zao kuliko huduma za kawaida, na wengi waliopangiwa vikao hawakuvihudhuria ipasavyo. Binafsi nayaheshimu matokeo hayo, kwa sababu yanaiweka tiba hii mahali pake: inakwenda sambamba na dawa na ushauri nasaha, wala haichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa mgonjwa.

Anayetaka kujichorea mwenyewe ili kutuliza wasiwasi wa kila siku hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu. Utafiti mmoja wa mwaka 2005 uliwahusisha wanafunzi wa chuo waliotiwa wasiwasi kwanza kwa kuandika kuhusu jambo lililowahi kuwatisha. Waliopewa michoro yenye mpangilio ili waijaze rangi walitulia zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu. Karatasi tupu, kumbe, si rafiki wa kila mtu. Lakini kuchora tukio la ubakaji, vita au kifo ukiwa peke yako ni jambo tofauti, kwani picha huweza kufungua kidonda haraka kuliko maneno na usipate wa kukusaidia kukifunga. Mtaalamu hatangulizi tukio hilo. Huanza na mahali salama, na hulifikia pale tu mhusika anapokuwa tayari.

Anayemtafuta mtaalamu wa namna hiyo ajue kwamba nchini Uingereza cheo cha mtaalamu wa tiba ya sanaa kinalindwa kisheria na hakitumiwi na asiyesajiliwa, ilhali katika nchi nyingi yeyote anaweza kujiita hivyo. Kwa hiyo aulize mapema amesomea wapi, anasimamiwa na nani, na michoro itahifadhiwa wapi. Nayo isionyeshwe kwa mtu mwingine wala kupigwa picha bila ridhaa ya aliyeichora, hata kama ni mtoto.