Mtoto Mpole Kupita Kiasi: Thairoidi na Ubongo wa Kichanga

Kliniki ya watoto ina sentensi inayonishtua kuliko homa: "Daktari, huyu mpole jamani, hata kulia halii, mpaka nimwamshe ndiyo anyonye." Bibi anamsifu, majirani wanamwonea mama wivu. Mara nyingi ni mpole kweli. Ila nikikuta macho bado yana manjano baada ya wiki mbili, choo cha shida, kitovu kimetokeza, ulimi mnene na kilio cha sauti nzito, damu inatolewa siku hiyohiyo kupimwa TSH na T4, homoni zinazoonyesha kama tezi ya thairoidi inafanya kazi.

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Ikilegea kwa mtu mzima, atachoka, atanenepa, atahisi baridi. Akipata dawa, anarudi hali yake. Ubongo wa kichanga haurudi hivyo. Homoni ya tezi hii ndiyo inayozielekeza seli za ubongo zihame hadi mahali pake, zichipue matawi na zivikwe ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe. Kila kazi ina majira yake. Ni kama nyaya za umeme ukutani: lipu ikishapigwa, waya uliosahaulika hauingii bila kubomoa, na ubongo hatuna namna ya kuubomoa.

Tezi ya mtoto huanza kutoa homoni karibu wiki ya 12 ya mimba, na hata hapo kwa uchache. Kabla ya hapo anategemea ya mama peke yake. Ndiyo maana hata aliyeumbwa bila tezi kabisa huweza kuzaliwa akionekana mzima: mama alimkinga. Kinga hiyo hukoma akishazaliwa, na dalili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, wakati ubongo haungoji.

Madhara hufuata wakati upungufu ulipoingia. Ukianza mapema mimbani, huguswa zaidi umakini wa kuona na mwendo. Ukija mwishoni mwa mimba, ni wepesi wa vidole na kutambua umbali na nafasi. Baada ya kuzaliwa, lugha na kumbukumbu. Shuleni mtoto wa namna hii huitwa mzembe, hasikii, hatulii. Nina ugomvi na fimbo katika jambo hili: haijengi ala ya mafuta kwenye neva.

Chanzo kingine cha upungufu huu ni madini joto (iodini), ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni, kukosekana kwenye chakula cha mama. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, Kongo, kilitoa funzo kubwa miaka ya 1960. Watu wa kaskazini na wa kusini-magharibi walikuwa wote na uhaba wa madini joto, lakini rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, lilijaa kaskazini, pamoja na watoto waliodumaa mwili na akili. Baadaye watafiti waliunyooshea kidole muhogo: sumu yake, usipoandaliwa vizuri, hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kunyakua hata kile kidogo kilichopo. Kwa hiyo mjamzito namuuliza kuhusu chumvi yenye madini joto, na pia anavyoloweka muhogo wake.

Kwa mtoto, dawa ni levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na lengo ni kuianza kabla ya wiki mbili za umri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1972 ulionyesha tofauti: walioanza kabla ya miezi mitatu walipata wastani wa alama za akili (IQ) 89; walioanza baada ya miezi sita, 54. Miaka miwili baadaye jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kupima vichanga kwa tone la damu ya kisigino. Huku kwetu Afrika Mashariki kipimo hicho bado hakimfikii kila mtoto, kwa hiyo mzazi akiwa na shaka aombe.

Kidonge saga, changanya na maji kidogo au maziwa ya mama, mpe kwa kijiko. Usikitie kwenye chupa nzima ya maziwa, maana asipomaliza hujui amepata kiasi gani. Dawa ya madini chuma ipishanishe kwa saa kadhaa. Usiache kwa kuwa amechangamka. Kuchangamka huko ndiko dawa yenyewe. Akifika miaka mitatu, baadhi yao tunawasimamishia kwa wiki nne hivi na kupima upya, kwani wako ambao upungufu wao ulikuwa wa kupita.