Coup de torchon: sherifu aliyehamishiwa Afrika

Nafundisha uandishi wa skripti na kila mwaka lazima niwawekee wanafunzi hii filamu ya mwongozaji Mfaransa Bertrand Tavernier ya 1981, maana ukiwaambia wageuze riwaya iwe filamu wanachofanya ni kukatakata kurasa tu basi. Tavernier yeye alihama na stori nzima.

Riwaya yenyewe ni Pop. 1280 ya Mmarekani Jim Thompson, ya 1964: sherifu wa kamji kadogo kusini mwa Marekani, mvivu, kila mtu anamdharau, kumbe anaua watu huku anachekacheka. (1280 ni idadi ya wakazi. Wafaransa walipoitafsiri wakaiita 1275 âmes, yani roho tano zimepotelea njiani hivihivi, labda zilikutana na sherifu.) Tavernier na Jean Aurenche, mwenzake katika kuandika skripti, wakambeba huyo sherifu mpaka Afrika Magharibi ya Wafaransa, 1938, wakashuti Saint-Louis, Senegal. Na inakaa! Kwa Thompson mzungu anaweza kumfanyia mtu mweusi chochote na hakuna wa kumuuliza, sasa koloni si ndo hivohivo, tofauti ni bendera tu.

Angalia wale makuwadi wawili wanaopigia shabaha maiti za Waafrika zinazoelea mtoni. Cordier, polisi wetu, Philippe Noiret huyo, anawakataza kinyongenyonge, wanamdhalilisha. Anaenda kwa mkubwa wake Chavasson kuomba ushauri, anaishia kula mateke ya makalio, eti ndo somo lenyewe, ukipigwa rudisha mara mbili. Basi mwanafunzi kaelewa, anarudi anawaua, halafu msala anamsukumia mwalimu. Unacheka kwanza, ndo unakumbuka zile maiti mtoni hakuna aliyeziulizia.

Kingine ni kamera. Filamu za uhalifu tumezoea usiku, vivuli, mvua, hapa ni jua kali tu na Pierre-William Glenn kavaa Steadicam, kile kifaa cha kubebea kamera mwilini, kwa hiyo picha inaelea elea haitulii, kama mtu aliyekaa juani sana.

Filamu inaanza jua limepatwa, Cordier anawawashia moto watoto wenye njaa wapate joto. Mwishoni yuko tena chini ya mti, watoto mbele yake, ila safari hii ameshika bastola. Darasa langu hapo huwa limeshaacha kucheka.