Kishikwambi na projekta darasani: yanayosemwa na yalivyo

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikabidhiwe kwa walimu, swali moja halikauki kwenye magrupu ya walimu wa Tanzania: ninunue waya gani ili somo lionekane kwenye projekta ya shule? Majibu huja haraka, na mengine humtoa mwalimu pesa mfukoni bure. Hilo linaniuma, kwa sababu pesa yenyewe mara nyingi ni ya mshahara wake.

"Kikiwa na tundu la Type-C, picha itatoka."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Type-C ni umbo la tundu tu. Ili adapta ya kawaida ya HDMI (tundu la picha na sauti la TV na projekta) ifanye kazi, kishikwambi lazima kiwe kimeundwa kupitisha DisplayPort, yaani mawimbi ya picha, kwenye tundu hilo, na vingi vya bei nafuu havikuundwa hivyo: tundu lao ni la USB 2.0, la kuchaji na kuhamishia mafaili. Samsung Galaxy Tab A9 ina Type-C lakini haitoi picha kwa waya. Galaxy Tab S9 inatoa. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, nayo inatoa, ila zile za zamani zenye tundu la Lightning zina adapta yao ya peke yake. Kwa macho huwezi kutofautisha Type-C inayotoa picha na isiyotoa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua mipangilio, soma jina kamili la modeli kwenye sehemu ya "Kuhusu", kisha tafuta sifa zake. Au nenda na kishikwambi chenyewe dukani, umwombe muuzaji achomeke adapta kwenye TV iliyopo hapo. Picha ikitokea, lipa. Isipotokea na adapta ni nzima, usikubali kuuziwa nyingine ya aina ileile eti kwa kuwa ni ya bei ya juu.

"Projekta ina tundu la USB, chomeka hapo."

Kishikwambi huenda kikaanza kuchaji, ukadhani mambo yamekubali. Kwenye projekta nyingi tundu hilo ni la flashi au la kusasishia mfumo. Picha huingilia HDMI au VGA (tundu la picha la zamani), na bado utabonyeza kitufe cha "Source" kuchagua tundu ulilotumia.

"Projekta ya VGA imepitwa, haifai."

Inafaa sana. VGA ni ya mwaka 1987 na hupitisha mawimbi ya analogi, wakati HDMI ni ya kidijitali, hivyo katikati panahitajika kigeuzi chenye saketi ndani yake. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hautageuza chochote. VGA pia haibebi sauti, kwa hiyo spika iunganishe kwenye kishikwambi au kwenye kigeuzi. Na filamu ya kulipia ikionyesha skrini nyeusi, usihangaike na nyaya: ni ulinzi wa hakimiliki, ambao VGA haiutambui.

"Bila bando huwezi kurusha picha bila waya."

Miracast, njia ya kurusha picha bila waya, haihitaji intaneti hata kidogo; vifaa viwili huongea moja kwa moja kwa Wi-Fi Direct. Kwa kishikwambi kisichotoa picha kwa waya, kipokezi cha Miracast kinachochomekwa kwenye HDMI ya projekta ndicho mkombozi, mradi kishikwambi kiwe na huduma hiyo (kwa Samsung inaitwa Smart View). iPad haitumii Miracast bali AirPlay, njia ya Apple yenyewe, kwa hiyo uliza kipokezi kinachokubali zote mbili.

"Picha imefifia, kishikwambi ni kibovu."

Kuongeza mwanga wa kishikwambi hakubadilishi chochote ukutani. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta usiomulikwa, na jua la dirishani likiupiga, weusi wote unapotea. Geuzia picha ukuta usiotazamana na madirisha, ziba dirisha la karibu kwa khanga nzito, andika kwa herufi nyeusi kubwa juu ya nyeupe. Kisha, kabla wanafunzi hawajaingia, kaa dawati la nyuma kabisa na usome mstari mdogo kuliko yote.