Kukaa majini wakati wa uchungu na kujifungua majini ni mambo mawili

Ikisambaa video ya mama mwenye uchungu aliyekaa kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, mwenzake akimsugua mgongo, maelezo huwa hayohayo: "amejifungua majini." Hata kama mtoto alizaliwa kitandani saa mbili baadaye, mama ameshakauka na kufungwa kanga kavu, watu wataendelea kusema alijifungua majini. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, hata kwa watu wa afya, na linawaumiza wajawazito wanaotaka kuamua kwa akili iliyotulia.

Kujifungua majini ni pale mtoto anapotoka mwilini mwa mama akiwa chini ya maji, kisha anainuliwa juu papo hapo. Kukaa majini wakati wa uchungu ni pale mama anapoingia kwenye maji wakati njia ya uzazi bado inafunguka, ili maumivu yapoe na mwili ulegee, na kutoka anapotaka au anapoambiwa. Anayejifungua majini kwa kawaida ameanza kwa kukaa majini. Anayekaa majini si lazima ajifungulie humo, na wengi hawajifungulii humo.

Najua ni kwa nini mambo haya yamechanganyika, maana hata historia yake imeanza kwa namna hiyo. Mwaka 1805 jarida moja la kitabibu la Montpellier, Ufaransa, lilieleza habari za mama aliyekuwa na uchungu kwa siku mbili hata nguvu zikamwishia. Daktari akamwingiza kwenye maji ya moto apumzike. Mtoto akazaliwa humohumo. Zaidi ya miaka 150 baadaye, katika hospitali ya mji mdogo wa Pithiviers, kusini mwa Paris, daktari wa upasuaji Michel Odent alianza kuwawekea wazazi bwawa la plastiki la kujaza upepo, lile la watoto kuchezea bustanini. Alichotafuta ni njia ya kupunguza maumivu bila dawa. Baadhi ya kina mama walipofika saa ya kusukuma hawakutaka kutoka, au mtoto alikuja haraka kabla hawajatolewa. Mwaka 1983 Odent aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto 100 waliozaliwa chini ya maji hospitalini hapo, na dunia ikalikamata hilo la watoto kuzaliwa majini, ikaliacha lile la maumivu. Kote kuwili maji yaliletwa kwa ajili ya uchungu wa mama. Kuzaliwa majini kulifuata kwenyewe.

Mimi nashikilia tofauti hii kwa sababu ushahidi wa kitabibu wa jambo moja si ushahidi wa lingine. Kuhusu kukaa majini, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake 3,663. Katika kila wanawake 100 waliokaa majini wakati njia inafunguka, 39 walihitaji ganzi ya mgongoni, ilhali kwa wasiokaa majini walikuwa 43. Nafuu si kubwa, ila ipo, na hayakuonekana madhara ya ziada kwa mama wala mtoto. Kuhusu kuzaa ndani ya maji, majaribio ya aina hiyo yalikuwa machache mno kutoa jibu. Ndiyo maana mwaka 2016 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema mama mwenye afya njema na mimba isiyo na matatizo, kati ya wiki 37 na siku moja kabla ya kutimiza 42, anaweza kupewa nafasi ya kukaa majini wakati njia inafunguka, lakini mtoto azaliwe nje ya maji. Hilo ni jibu moja lenye sehemu mbili, na anayetamka "kujifungua majini" kwa yote mawili hawezi kulisoma.

Uingereza wamelegeza zaidi, na huko wakunga wamezalisha majini kwa miongo kadhaa. Utafiti wao mkubwa uitwao POOL, uliotolewa mwaka 2024, ulichunguza kumbukumbu za wazazi zaidi ya 87,000 waliotumia maji katika taasisi 26 za afya za England na Wales. Walichukuliwa wale ambao uchungu wao haukuwa na matatizo, kisha waliozalia majini wakalinganishwa na waliotoka kabla ya mtoto kuzaliwa. Waliozalia majini hawakuchanika vibaya zaidi, na watoto wao hawakupata madhara zaidi. Ona kwamba hata watafiti waliwatenga wazazi kwa mstari huohuo ninaoupigania hapa.

Swali linalowatia watu hofu ni kama mtoto hatakunywa maji. Mtoto wa tumboni hapati hewa kwa mapafu, anaipata kupitia kondo na kitovu, na mapafu yake yamejaa majimaji. Akitokea kwenye maji yenye joto kama la mwili, kwa kawaida havuti pumzi ya kwanza mpaka uso uguswe na hewa. Lakini kinga hiyo ni ya mtoto mwenye afya. Mtoto aliyechoka na kukosa hewa tumboni anaweza kuvuta pumzi akiwa bado chini ya maji, na hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo mapigo ya moyo wake husikilizwa mara kwa mara kwa kipimo kisichoingiza maji, na yakibadilika mama anatoka, bila mjadala. Kichwa kikishatokeza juu ya maji, hakirudishwi chini tena. Mtoto huinuliwa upesi lakini taratibu, kwani kitovu kifupi kikivutwa ghafla huweza kukatika. Mama anayetoka majini kabla ya kusukuma anaziepuka hatari hizi za kuzalia majini, na bado anapata nafuu yake ya maumivu. Inanisikitisha mtu anapokataa kukaa majini wakati wa uchungu kwa sababu anaogopa mtoto atazama.

Maji yenyewe huwa na kina cha kufunika tumbo lote, yakifika karibu na matiti mama akikaa, na ni lita mia kadhaa. Miongozo ya Uingereza inataka joto lisizidi nyuzi 37.5, na lipimwe kila saa pamoja na joto la mama. Pembeni mkunga ana tochi, kioo cha kuonea chini ya maji, na kichujio chenye mpini cha kuopolea kinyesi, maana mama akisukuma, choo hutoka, na hilo si aibu kwa mtu yeyote. Akiingia mapema mno uchungu unaweza kupoa, kwa hiyo wengi husubiri mpaka umekolea na njia inafunguka vizuri.

Usafi wa maji ni jambo zito. Huko Texas mwaka 2014 mtoto aliyezaliwa majini alifariki kwa maambukizi ya bakteria wa Legionella, ambao hustawi kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotuama. Kwetu sisi wenye matangi juu ya paa, visima na maji ya boza, mtu anayepanga kujaza bwawa la kukodi nyumbani na aliwaze hilo kabla ya kuwaza mishumaa na muziki.

Kwa Afrika Mashariki nina hofu nyingine kubwa kuliko hiyo, nayo ni damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu zinazotuulia kina mama. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Chini ya mzazi iliwekwa plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, damu ikaonekana ni kiasi gani, na matibabu yakaanza yote kwa pamoja bila kusubiri. Kutokwa damu kwa hali ya hatari kulipungua kwa asilimia 60. Sasa fikiria damu ileile imemwagika kwenye lita mia kadhaa za maji. Maji yote yanakuwa mekundu, na hata mkunga mzoefu anakisia tu. Kwa sababu hiyo wakunga wengi humtoa mama majini mtoto akishazaliwa, apigwe sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ipungue, na kondo litolewe mahali ambapo damu inaonekana. Aliyekaa majini akatoka kabla ya kusukuma yuko tayari mahali hapo.

Wapo ambao maji hayawafai kabisa, hata ya kukaa tu: wenye presha ya mimba, waliotokwa damu, wenye homa, na ambao mimba haijatimiza wiki 37. Mwenye mapacha au mtoto aliyetanguliza makalio naye vituo vingi humkatalia. Aliyechomwa dawa kali ya maumivu anasubiri angalau saa mbili, na kama bado anasinzia haingii. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au anayeishi na virusi vya ukimwi, azungumze na wahudumu wake mapema, kwani taratibu za vituo hutofautiana.

Huku kwetu huduma hii iko kwenye vituo binafsi vichache, na gharama yake si ya kila mtu. Hospitali nyingi hata beseni hazina. Lakini ukishajua kwamba unachokitafuta ni nafuu ya uchungu, bafu la maji ya uvuguvugu lililopo wodini linaweza kukusaidia, kitambaa cha maji ya moto kiunoni kinaweza kukusaidia, na kutembea pia, ukiwa na mtu wako wa karibu.

Kwa hiyo, dada, ukienda kliniki usiulize, "Mnazalisha majini?" Utajibiwa ndiyo au hapana, na hutajua umejibiwa nini. Uliza kama unaruhusiwa kukaa majini njia inapofunguka. Kisha, kama swali la pili, uliza ikifika saa ya kusukuma unatoka au unabaki. Na uulize ukizimia humo ndani ni akina nani watakaokunyanyua, na wako wangapi zamu ya usiku.