Gari Likinasa Kwenye Mbuga: Watu Wasogee Kwanza, Ndipo Winchi Ivute

Mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea, barabara za vumbi zinazoingia vijijini kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua hugeuka tope, na mbuga za udongo mweusi hunasa hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Likinasa, watu hujaa. Wapita njia huegesha baiskeli, vijana huvua viatu wasukume, watoto hukimbilia mbele waone vizuri. Kwa gari la kusukuma kwa mikono, wingi huo ni msaada. Kwa gari linalovutwa na winchi, yaani mashine inayovuta kwa kuzungushia waya kwenye dramu yake, wingi huo ndio hatari kubwa kuliko zote. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Tabora tunataka kila dereva na utingo wake alielewe hilo kabla hajagusa rimoti.

Waya wa chuma unapovuta tani kadhaa hutanuka kidogo, na nguvu ya kutanuka hubaki imejificha ndani yake. Ukikatika, au ndoano ikichomoka, nguvu hiyo hutoka yote kwa mpigo mmoja. Waya hurudi kwa kasi ambayo mtu hana nafasi ya kukwepa. Unaweza kuvunja mguu, kupasua kioo cha mbele, kuua. Kamba za plastiki ngumu zinazofungwa kwenye winchi za siku hizi ni nyepesi na hurudi kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini kipande cha chuma kilichofungwa mwishoni mwake kikichomoka, huruka nayo. Kamba hiyo isiwe sababu ya mtu yeyote kusogea karibu.

Umbali wa kukaa hupimwa hivi: chukua urefu wa waya uliotolewa, ongeza nusu yake. Waya ukiwa mita 20, watu wakae si chini ya mita 30, pande zote. Asisimame mtu kati ya gari na kile linachovutia, na asiuruke waya uliokazwa hata kama anavuka mara moja tu. Ukiwa mgeni kijijini, usipoteze nguvu kufokea umati. Mtafute mzee anayesikilizwa pale, au balozi, umweleze hatari kwa sentensi mbili, naye awasogeze watoto. Watu humsikia mzee wao haraka kuliko honi yako. Kisha chagua mtu mmoja tu wa kukupa ishara za mkono, asimame mahali unapomwona. Katikati ya waya tandika blanketi zito, zulia la gari au gunia lenye mchanga kidogo, ili waya ukikatika uvutwe chini. Hiyo hupunguza madhara, haiyaondoi.

Pa kufungia winchi panahitaji macho. Mti uwe mzima, mnene, na ufungwe chini kabisa karibu na ardhi, kwa mkanda mpana usiochubua gome. Usizungushe waya kwenye shina halafu ukauchomekea ndoano wenyewe kwa wenyewe: ndoano itauponda, na siku nyingine utakatikia hapo hapo. Kwa upande wa gari linalovutwa, funga kwenye chesisi, mahali palipotengenezwa kwa kuvutia. Ule mpira wa chuma wa kufungia trela usiguswe. Ukikatika shingo huruka kama risasi, na umeshaua watu katika nchi nyingi.

Mbugani penye nyasi tupu, bila mti wa kushika, zika tairi la spea. Chimba mtaro wenye kina cha kulimeza tairi, ukikingama na upande gari linakoelekea. Lisimamishe humo, funga mkanda kwenye rimu, kisha chimba mfereji mwembamba wa kupitishia mkanda ili uvute karibu sambamba na ardhi na usilinyanyue tairi. Rudishia udongo na uushindilie. Ni kazi ya jasho kwelikweli, na hapa ndipo wale vijana waliovua viatu wanafaa sana: wachimbe, wafukie, halafu wasogee.

Kuhusu nguvu, madereva wengi huamini namba iliyobandikwa kwenye winchi. Winchi ya kilo 4,300 huvuta kilo hizo pale tu waya unapobaki tabaka la kwanza kwenye dramu. Tabaka zikiongezeka nguvu hushuka, na kwenye tabaka la nne inaweza kubaki theluthi mbili hivi. Kwa hiyo toa waya mwingi, ila usimalize: ibaki mizunguko mitano kwa waya wa chuma, kumi kwa kamba ya plastiki, la sivyo ncha itang'oka kwenye dramu. Kwa upande wa mzigo, kanuni ya waokoaji wa magari ya kijeshi husema gari lililozama hadi kimo cha magurudumu hudai mvuto sawa na uzito wake wote, na likizama hadi madigadi, mara mbili ya uzito huo. Gari la tani 3 lenye tope hadi madigadi linadai tani 6. Winchi yetu haifiki hapo. Chukua chepe, ondoa tope mbele ya matairi na chini ya ekseli, kisha tumia kapi. Waya ukipita kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudi kwenye chesisi ya gari lako, mvuto huwa karibu maradufu na mwendo hupungua nusu. Kumbuka tu kwamba mkanda ulioshika kapi nao unabeba maradufu.

Wakati wa kuvuta, injini iwe inawaka, kwa sababu mota ya winchi ya umeme inaweza kula zaidi ya ampea 400 ikielemewa. Vuta kidogo, pumzika, gusa mota. Ikiwa moto, ngoja ipoe. Vaa glavu za ngozi, na mkono usikaribie dramu waya unapoingia.

Kwa matunzo, ukirudi safari toa waya wote hadi ile mizunguko ya mwisho, uoshe tope, uukaushe. Kisha upitishie kitambaa taratibu, ukiwa na glavu. Kitambaa kikinasa, hapo kuna uzi uliokatika. Waya wenye kinundu kilichojikunja haufai tena hata ukinyooshwa kwa nyundo. Nyuzi za ndani zimeshaumia. Wakati wa kuuzungusha tena, egesha gari kwenye mteremko mdogo na lijivute lenyewe polepole, ili waya ulale umekaza. Ukilala legelege, siku ya mzigo mzito tabaka la juu litajichimbia kati ya yale ya chini na kunasa. Kaza bolti za winchi na vichwa vya betri, na kiangazi nacho uiwashe kila mwezi, maana unyevu uliobaki ndani ya mota hula chuma kimya kimya.

Wenye malori ya zamani ambayo winchi yake huzungushwa na giaboksi: ile pini laini inayokatika mzigo ukizidi imewekwa ikatike. Usiweke bolti ngumu wala msumari badala yake. Nunua pini za aina ile ile, utembee nazo kadhaa kwenye boksi la spana.