Maji ya Sakafuni Hayatoki Barabarani

"Fundi, nikimaliza kuchomelea bati la sakafu ya gari napaka lami nene chini, si ndiyo?" Nimelijibu swali hili mpaka limeanza kunikera. Naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Hapana. Sakafu ya gari la zamani kwa kawaida huanza kuoza kutoka juu. Toa kapeti, shika felti (pedi nene ya nyuzi) iliyo chini yake, iminye. Maji hayo yamepita kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokakamaa, au radiata ya hita inavuja, au yupo aliyechana plastiki ya ndani ya mlango akifunga spika, au mifereji iliyo chini ya waipa imejaa majani. Felti inayashika wiki nzima juu ya bati la milimita 1, na lami huko chini haina habari. Lami yenyewe ikizeeka hukauka na kupasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayana pa kutokea. Ipitishie kikwanguo: inabanduka pande zima, mbele nyeusi safi, mgongoni imebeba unga wa kutu ambao bado una unyevu. Halafu mwenye gari anaapa kwamba chini hapana tatizo.

Kwa hiyo tafuta kwanza maji yanakoingilia, bati utanunua baadaye.

Kukata na kuchomelea sitakawia nako. Weka mihimili ya muda kwenye nafasi za milango kabla hujakata chochote, hasa gari la paa la turubai, ili bodi lisijipinde, na upime ulalo kwa ulalo, kona hadi kona. Toa betri, sogeza mabomba ya breki na ya mafuta, kwangua lami ya kuzuia kelele maana inawaka, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Chomelea vipande vifupi ukirukaruka ili bati lisijipinde. Basi.

Kinachonisumbua ni maungio. Bati jipya likilalia la zamani kwa milimita 15 au 20, katikati inabaki nafasi ambayo brashi haitafika tena. Vitabu vinasema paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) ya zinki pande zote mbili, bana, chomelea, umemaliza. Mimi naipaka, lakini siiamini sana. Moto unaiunguza kwenye nukta zenyewe za mchomeleo na pembeni yake, yaani palepale palipohitaji kinga, na ukiipaka nene mchomeleo unatoka na vitundu. Kwa hiyo naikwangua nitakapochomelea, iliyobaki naiacha kwa nia njema, na tegemeo langu kubwa ni nta nyepesi inayopenya, nikishamaliza rangi. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaounganisha ukingo kwa ukingo ili pasiwe na kulaliana kabisa. Wana hoja. Ila mshono mrefu kwenye bati jembamba unapinda kwa joto, na bado sijashawishika kwamba taabu yote hiyo inalipa kwenye sakafu itakayofunikwa na kapeti.

Sasa kuziba mishono kwa silikoni. Ile ya bafuni, yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki, nawe unaipaka kwenye chuma ulichokitoa kutu jana! Tena rangi haishiki juu yake, na mabaki yake ukiyasugua yanasambaa na kukuharibia rangi hadi mahali ambapo hukuipaka. Chukua silanti (ute wa kuzibia) ya maungio ya poliurethani, ipake juu ya praima ya epoksi iliyokauka. Si juu ya chuma kitupu, wala si juu ya praima ya asidi. Silanti hiyo inakauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo donge nene litakuwa na ngozi ngumu na tumbo bichi. Mstari mwembamba, usukume kwa brashi ngumu mpaka uingie mshononi. Usihangaike na urembo.

Naziba mshono juu na chini, lakini si kila tundu ninaloliona. Matundu yaliyo chini ya boriti za milango (zile zenye uwazi ndani, zinazopita chini ya milango) yamewekwa kiwandani kwa makusudi, ya kutolea maji. Nimeyachokoa silanti, lami, hata puti. Mtu anaziba kwa mkono wake mwenyewe, kisha analalamika kwamba akikata kona anasikia maji yakicheza ndani ya boriti! Pitisha waya kwenye kila tundu silanti ikiwa bado mbichi. Vizibo vya mpira vya sakafuni ni jambo jingine: hivyo rudisha vipya, na silanti kidogo ukingoni.

Tumbo la gari nalipaka rangi juu ya epoksi, kisha nta inayobaki laini. Inashika vumbi, inachafua mikono, na itabidi uirudie. Lakini kutu ikianza utaiona.

Sehemu za kufungia mikanda ya usalama zirudishiwe bati zake nene za kuimarisha. Washa (pete ya chuma ya bolti) kubwa juu ya bati jembamba haitoshi, na hapa sitanii.

Kapeti ni ya mwisho. Kabla yake mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira, aanzie chini ya milango apande taratibu hadi kioo cha mbele. Akianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua panapovuja. Na felti ya zamani itupwe, hata kama "imekauka vizuri".