“Shingo ilishapona, daktari. Shida yangu ni koo, kumeza kunanisumbua”

Sentensi hiyo naisikia mno kliniki hapa Mtwara, hadi naweza kuimalizia kabla ya mgonjwa. Namuuliza kovu lililo mbele ya shingo ni la nini. “Hili? La bodaboda, nilifanyiwa operesheni Dar, zamani sana.” Jamani! Hilo ndilo la kuniambia kabla hujakaa kwenye kiti.

Umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, umepita mbele ya pingili za shingo, umekaribiana nazo sana. Pingili iliyoumia inaweza kuota vinundu vya mfupa polepole, mwaka hadi mwaka, bila maumivu, mpaka vikaanza kuusukuma umio. Waliowekewa bamba la chuma na skrubu kwa mbele wana la ziada: skrubu inaweza kulegea baada ya miaka ikakwaruza umio, na mara chache ikautoboa. Shingo iliyounga ikiwa imepinda nayo huvuruga kumeza. Eksirei ya shingo iliyopigwa ubavuni huonyesha mengi kati ya hayo, ila nani ataiagiza kama hukutaja ajali?

Na usiniambie tu “chakula hakipiti”. Chakula gani? Ugali wa muhogo na ming'oko vikikwama huku chai inateremka, nawaza njia iliyobanwa. Chai ndiyo ikikupalia, na ukishameza sauti inatoka kama ina maji ndani, nawaza mishipa ya fahamu. Jibu hilo moja linaniokolea nusu ya kazi.

“Nikikatwa kimeo nitapona.” Hutapona. Kimeo hakizuii tonge, na wembe wa mtaani unaleta damu na usaha. Sina la kuongeza.

“Sikohoi, basi chakula hakiendi njia mbaya.” Koo lililopoteza hisia huruhusu chakula kuingia mapafuni kimyakimya. Nimonia inayorudi rudi kwa mtu aliyewahi kuumia shingo, mwulizeni anavyokula.

Halafu wapo wa upande wa pili, ambao kwao kila shida ya kumeza ni ya ajali. Afrika Mashariki ina saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Aliyeanza kukwamwa na nyama, ukafuata wali, sasa uji, na nguo zinampwaya, simpi ushauri wa kutafuna taratibu. Namwandikia kipimo cha kamera siku hiyo hiyo, awe na kovu shingoni au asiwe nalo.